Ada ya Kuomba: Mhadhara wa Umma juu ya Kambi, Vibali na Ardhi ya Watu Wote



Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwanafunzi huko Marekani, wenzangu walinichukua kwenda kupiga kambi katika msitu wa serikali ulio mlimani, na kitu cha kwanza nilichoonyeshwa tulipowasili jioni hakikuwa mto wala kilele, bali bomba nene la chuma lililosimikwa kando ya ubao wa matangazo, ambalo wenyeji hulipa jina la mlinzi wa chuma. Chini ya ubao palikuwa na bahasha za karatasi. Mgeni huandika juu yake jina, nambari ya gari na idadi ya siku atakazolala, hutia fedha ndani, huchana kipande cha pembeni akakitundika kwenye kigingi cha mahali alipopachagua, kisha huitumbukiza bahasha katika mwanya mwembamba wa bomba lile. Hapakuwa na karani wala bawabu, na stakabadhi yetu usiku kucha ilikuwa kile kipande cha karatasi kilichopepea kigingini.

Nimeanza na bomba lile kwa kuwa katika sehemu nyingi za nchi hiyo limekwisha ondolewa, na kilichoshika mahali pake ndicho kinachonileta mbele yenu leo. Serikali ya shirikisho ya Marekani inamiliki takriban ekari milioni 640, yaani zaidi ya robo ya ardhi yote ya nchi: misitu, majangwa, mabonde na hifadhi za taifa, ya kwanza ikiwa ni Yellowstone iliyowekwa mwaka 1872. Mtu atakaye kulala ndani yake, au kupanda baadhi ya vilele vyake, aghalabu huingia kwanza katika tovuti moja iitwayo Recreation.gov, ambayo tangu Oktoba 2018 inaendeshwa, kwa mkataba na serikali, na kampuni ya Booz Allen Hamilton. Mkataba wenyewe una sura ambayo mwanafunzi wa fedha za umma hana budi kuitazama mara mbili: kampuni ilijenga mtambo kwa gharama yake, na ujira wake inaupata kutokana na miamala, kila uwekaji nafasi na kila ombi la kibali likihesabiwa. Kwa hiyo, kadiri milango inavyozidi kuwa mingi ya kubishwa hodi, ndivyo pato linavyozidi kuongezeka.

Nataka nitende insafu kabla sijalaumu. Haja ya kuweka idadi ni haja ya kweli. Katika kilele cha Half Dome, ndani ya hifadhi ya taifa ya Yosemite, ambako wapandaji hujivuta kwa kamba za chuma zilizofungwa mwaka 1919, watu walisongamana kwenye jabali hata ikawa hatari, na leo idhini hutolewa kwa watu wapatao 300 kwa siku. Mount Whitney, wenye kimo cha mita 4,421, huruhusu wapandaji 100 wa siku moja na 60 wa kulala njiani, katika majira ya kuanzia Mei mosi hadi Novemba mosi. Asiyependa hesabu hizi na aende akatazame njia iliyokanyagwa hata mizizi ya miti ikabaki uchi. Fauka ya hayo, tovuti ina manufaa yake: mtu wa Chicago, au wa Mombasa, hujua kabla ya kufunga safari kama atapata pa kulaza ubavu, jambo ambalo bomba letu la chuma halikuweza kumwambia.

Nilalamikiacho ni kitu kingine, nacho ni ada ya kuomba.

Katika pwani yetu, mtu mwenye uwezo alikuwa akichimba kisima akakitoa wakfu, maji yakawa ya kila mpitanjia. Palikuwa pia na wachukuzi wa maji, waliojaza madebe wakayabeba mpaka mlangoni pa mtu, nao wakapewa ijara yao. Wala hakuna aliyewanung'unikia, kwa sababu kila mtu alijua kwamba alichokilipia ni mabega ya mchukuzi, na kwamba maji yenyewe hayakuwa na bei. Sasa tufikirie mchukuzi asimamaye kisimani akamtoza kila ajaye kwa kule kuuliza tu kama leo atapata maji, kisha jioni akawarudisha wengi na ndoo tupu, fedha zao zikibaki kibindoni mwake. Hapo neno ijara halifai tena, nami sijui neno jingine la heshima litakalofaa.

Ndivyo mambo yalivyo katika bahati nasibu za vibali, zile kura zinazoamua nani aruhusiwe pale waombaji wanapozidi nafasi. Anayeomba kupanda Mount Whitney hutoa dola 6 kwa ombi lake, na akishapata hulipa dola 15 kwa kila mtu. Asiyepata, dola zake 6 hazirudi. Kwa Half Dome ombi ni dola 10. Kwa kilele cha Angels Landing, katika hifadhi ya taifa ya Zion, tangu Aprili 2022, ni dola 6. Mfano ulionigusa zaidi ni wa mawe yaitwayo The Wave, mpakani mwa Arizona na Utah, ambako upepo na maji vimechonga jiwe la mchanga likawa kama mawimbi mekundu yaliyoganda. Zamani sehemu ya vibali vya pale ilipigiwa kura hadharani katika mji mdogo wa Kanab: watu walikusanyika asubuhi, mipira yenye nambari ikazungushwa katika kitundu, karani akataja nambari kwa sauti, na aliyekosa akatoka na huzuni yake tu, mfuko wake haujaguswa. Siku hizi ombi hupelekwa kwa simu, matokeo huja kwa simu, na ombi ni dola 9, upate usipate. Idadi ya wanaoruhusiwa imepandishwa ikawa 64 kwa siku, na hilo ni jema. Walakini idadi ya waombaji haina kikomo, na kila mmoja wao ameacha kitu mlangoni.

Mtaniambia kwamba dola 6 si kitu. Kwa nani? Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montana na wenzao walichapisha uchunguzi wa kambi za hifadhi za taifa, wakitumia taarifa za mahali simu zilipotoka, wakaona kwamba, ndani ya kambi moja, waliolala mahali palipowekwa nafasi kwa mtandao walitoka kwa wastani katika mitaa yenye kipato kikubwa kuliko waliolala mahali pa wanaowahi kufika. Sababu haikai katika fedha peke yake. Nafasi za bonde la Yosemite hufunguliwa tarehe 15 ya mwezi, saa moja kamili ya asubuhi kwa majira ya Pasifiki, takriban miezi mitano kabla ya safari, na zile za majira ya joto huisha kufumba na kufumbua. Fundi wa kuezeka mapaa, ambaye hajui wiki ijayo atakuwa na kazi wapi, atajuaje siku yake ya mapumziko miezi mitano mbele? Na katika kambi nyingi za misitu ya taifa, juu ya bei ya mahali huongezwa dola 8 za kuweka nafasi, zisizorudishwa, na mpango ukivunjika hukatwa dola 10 nyingine.

Sheria ya Wamarekani wenyewe haikuwa kimya. Sheria ya ada za mapumziko ya mwaka 2004 inakataza, katika misitu ya taifa na ardhi za Idara ya Usimamizi wa Ardhi, kumtoza mtu kwa kuegesha gari au kupita kwa miguu tu; inataka sehemu kubwa ya makusanyo ibaki pale pale yalipokusanywa; na inataka umma upewe ilani na fursa ya kusema kabla ada mpya haijawekwa. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho huko Nevada ilitamka kwamba dola 2 zilizotozwa kwa kuweka saa ya kuingia Red Rock Canyon, karibu na Las Vegas, zilitozwa pasi na umma kushirikishwa kama sheria ilivyoagiza. Na msidhani kwamba nawapeleka mbali bure: Aprili 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi, ikiamua shauri la karo za shule kulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali ya Kenya, ilikosoa zile shilingi 50 za kila muamala kwa hoja iliyo nduguye hasa, ya kwamba wananchi hawakuulizwa. Dola 2 na shilingi 50: ada ndogo mno kumfanya mtu aende mahakamani, na ndiyo maana namheshimu kila aliyekwenda.

Lau ningeulizwa, ningesema asiyepata kibali arudishiwe fedha zake, hata kama itabidi aliyepata aongezewe kidogo. Ningesema mkandarasi alipwe kwa kazi yake kutoka hazina, kwa kiasi kinachojulikana na kujadiliwa, ili asiwe na maslahi katika wingi wa milango. Na ningesema katika kila kambi paachwe fungu la mahali, hata kama ni thuluthi, kwa wale wanaofika tu na gari lao na watoto wao.

Fungu hilo la mwisho nina sababu ya kuling'ang'ania. Nilirudi Marekani nikiwa mtu mzima, nikalala katika kambi nyingine mlimani, mahali nilipowekewa nafasi na rafiki yangu. Bomba la chuma lilikuwa bado limesimama, mwanya wake umezibwa kwa bati, na ubaoni kumebandikwa tangazo la kumtaka mgeni alipe kwa simu, ilhali simu zetu hazikuwa na mtandao. Magharibi ikaja gari ya mzee na mkewe, wakashuka, wakalisoma tangazo wakisaidiana miwani, mzee akainua simu yake juu huku na huku, kisha wakapanda gari wakashuka mlima gizani. Alfajiri nilipozunguka kambi nilihesabu vigingi vinne vyenye karatasi za watu waliokwisha weka nafasi, na nyasi zake zilikuwa zimesimama na umande, hazijalaliwa.