Akiba ya Chakula Wakati wa Maradhi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku viumbe vyake, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu Waislamu wa Dzaleka na wa Lilongwe, maneno ya leo ni juu ya gunia la mahindi: lini kulinunua na kuliweka ni busara, na lini ni dhambi.

Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya Korona yalipotangaa ulimwenguni, watu wa Ulaya na Marekani walikimbilia madukani, wakazoa unga, mchele, hata karatasi za msalani, mpaka rafu zikabaki tupu. Aliyechelewa, akiwa mzee au muuguzi aliyetoka zamu, alirudi mikono mitupu. Nchi hizo hazikuwa na njaa. Hofu ndiyo iliyomaliza bidhaa.

Malawi ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza tarehe 2 Aprili 2020. Baadaye Serikali ikatangaza kuwa watu wakae majumbani siku 21, kuanzia tarehe 18. Wachuuzi wakaingia barabarani kulalamika, na tarehe 17 Mahakama Kuu ikaizuia amri ile isianze. Sababu yake si ngumu kufahamika: anayekula kwa alichokiuza leo hana cha kuweka kwa ajili ya siku 21.

Basi na itazamwe Dzaleka. Kambi hii ya wilaya ya Dowa, kama kilometa 45 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Iliandaliwa kwa watu wasiozidi 12,000; sasa wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Posho ya Mpango wa Chakula Duniani imepata kupunguzwa zaidi ya mara moja. Na achukuliwe mfano wa mjane mwenye watoto watano. Apokeapo posho, nusu yake yalipa deni la dukani la mwezi uliopita. Kumwambia mama huyo ajiwekee akiba ya mwezi mzima ni kumwambia asiye na kisima achote maji.

Je, dini yasemaje? Kuweka akiba si kukosa tawakali. Nabii Yusuf (a.s.) aliwaelekeza watu wa Misri waihifadhi nafaka ya miaka saba ya neema, wakiiacha katika masuke yake, kwa ajili ya miaka saba ya dhiki. Na imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka. Lakini Mtume huyo huyo amemhesabu kuwa mkosaji mwenye kuhodhi chakula akingojea bei ipande. Yusuf aliweka ili watu wale. Mlanguzi huweka ili watu wakose. Gunia ni lile lile, na mlango wa ghala ndio shahidi: je, hufunguliwa siku ya njaa, au siku ya bei?

Tena iko njia isiyohitaji utajiri. Imepokewa na Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari. Chakula chao kilipopungua, vitani au mjini Madina, walikikusanya chote katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Hawakungoja mtu apate ziada. Walikusanya kichache na kichache.

Hilo lawezekana Dzaleka. Mahindi ya Malawi huvunwa mwezi wa Aprili na Mei, na bei hushuka. Kuanzia Desemba hadi Machi hupanda sana. Wimbi la pili la Korona lilipamba moto Januari 2021, katika miezi hiyo hiyo ya dhiki. Nyumba kumi zikitoa kidogo kidogo wakati wa mavuno, zaweza kununua magunia machache kwa pamoja. Nafaka ikaushwe hasa, kwani iliyo mbichi huota kuvu yenye sumu. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, yasipate unyevu, na yakaguliwe mara kwa mara kwa ajili ya fukusi. Maharagwe na usipa mkavu vifuatie. Hesabu iandikwe na watu wawili, na aliyetengwa kwa ugonjwa apelekewe fungu lake mlangoni.

Na mwenye duka Lilongwe ana mtihani mkubwa zaidi. Hakukatazwa faida. Lakini siku ya hofu auze kwa kiasi, ili kila nyumba ipate, wala asimwuzie mmoja magunia ishirini ilhali nyuma yake amesimama aliyekuja na fedha ya kibaba kimoja.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa dharura ya Korona imekwisha. Lakini maradhi hayana ahadi na mtu. Malawi ilipatwa na kipindupindu kikali katika miaka ya 2022 na 2023. Yatakaporudi mengine, mjane yule asiulizwe ameweka akiba gani. Waulizwe jirani zake.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa ghala la wenzao siku ya dhiki. Amin.

Wabillahi tawfiq.