Deni la Darasa Letu kwa Pasua

(Haya ni maneno yaliyosemwa mjini Moshi mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani waliosoma pamoja kidato cha tano na cha sita kati ya mwaka 1978 na 1980.)



Mkutano huu una ajenda moja nzito. Michango yetu imefikia kiasi cha kutosha kufanya jambo, na mapendekezo yaliyo mezani ni mawili. La kwanza ni kujenga mnara mbele ya shule, uchongwe majina yetu sote, walio hai na waliotangulia mbele ya haki. La pili ni kutengeneza chumba cha kusomea jioni huko Pasua, kwa ajili ya watoto wa sekondari wa kata ile. Nimeombwa nizungumzie kumbukumbu za darasa letu kabla hatujapiga kura. Nitafanya hivyo, lakini sitajifanya kwamba sina upande.

Tuanze na hesabu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alieleza kwamba watoto wapatao 13 tu katika kila 100 wa shule za msingi ndio watakaopata nafasi ya sekondari. Sisi tulikuwa wanafunzi wa msingi wakati huo. Kwa maneno mengine, kila mmoja wetu aliyefika sekondari aliwaacha nyuma wenzake sita au saba aliokalia nao dawati moja. Na kutoka kidato cha nne kwenda cha tano mlango ukawa mwembamba zaidi. Wale walioachwa nyuma hawakuwa wajinga. Ni baba zao na mama zao waliolima kahawa, pamba, korosho na mkonge vilivyolipia vitabu vyetu, chakula chetu na mishahara ya walimu wetu. Tulisomeshwa na taifa lililokuwa halina kitu.

Tulikuja kutoka kila upande. Ukisoma orodha ya bweni moja ulikuta mtu wa Songea, wa Kigoma, wa Lindi, wa Bukoba, wa Singida, na sisi wa mlimani. Wenzetu wa pwani walitetemeka kwa baridi ya mwezi Julai, wakatuuliza iwapo theluji ya Kibo huteremka hadi mjini. Sisi nasi tulijifunza kwao Kiswahili chenye ladha, maana chetu kilikuwa bado na harufu ya migomba. Hapakuwa na somo la umoja wa taifa katika ratiba. Somo lenyewe lilikuwa kulala kitanda cha juu huku wa chini yako akiota ndoto kwa lugha usiyoijua, na asubuhi mkashika jembe moja kwenda shamba la shule.

Shamba lile sote tunalikumbuka. Tulilima mahindi na maharage, tukafuga nguruwe na kuku, na wapo walionung'unika kwamba hawakuja sekondari kushika jembe walilolikimbia nyumbani. Leo tunalisifu kwa sababu migongo imekwisha kupona. Lakini ukweli ni kwamba mazao yale yalitulisha, kwani miaka ile ilikuwa ya dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa mji kama Moshi, ulio jirani na Holili na Taveta, hilo lilikuwa pigo la kila siku. Sabuni ikawa adimu. Sukari ikapangiwa foleni katika mji ambao mashamba ya miwa ya TPC yako umbali mfupi tu kusini mwake.

Kisha vita vikaja. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi yetu hadi Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaporwa. Katika darasa letu alikuwamo mwenzetu ambaye kwao ni ng'ambo ya mto ule. Kwa majuma mengi hakupata barua. Hakulia mbele yetu, ila aliacha kula, na wenzake wa meza wakawa wanakaa naye hadi amalize sahani yake, bila kumwambia neno. Mwezi Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa hapa Moshi, wakaunda umoja wao wa ukombozi na kumchagua Profesa Yusuf Lule kuwa kiongozi. Tarehe 11 Aprili Kampala ikatekwa, na siku mbili baadaye Profesa Lule akaapishwa kuwa Rais. Sisi tulikuwa vijana wa madaftari, lakini historia ilipita mlangoni petu kwa miguu.

Ndugu zangu, sasa nafika Pasua.

Mtakumbuka kwamba jioni mbili kila juma tulivuka reli, tukateremka hadi kwenye tambarare ile ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, kufundisha elimu ya watu wazima. Taifa zima lilikuwa katika kazi hiyo. Mtihani wa kisomo wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 39, na ule wa mwaka 1977 ukaonyesha wameshuka hadi asilimia 27. Takwimu hizo zilikuwa na sura za watu, na sura tulizoziona sisi ni za wakazi wa Pasua: wapakiaji mizigo wa stesheni, wafanyakazi wa kiwanda cha magunia, kina mama waliochambua kahawa kutwa nzima na kurudi nyumbani kupika kabla ya kuja darasani. Walituita "mwalimu", nasi tukawaita "mama" na "mzee", na heshima ikakaa sawa pande zote mbili.

Mmoja wa kina mama hao mwanawe alikuwa ameondoka na mgambo kwenda vitani. Barua za kijana zilipokuja, mama huyo alilazimika kumwomba jirani amsomee. Alituambia kwamba hapendi habari za mwanawe zipite kwanza katika macho ya mtu mwingine. Alijifunza kwa juhudi ambayo sijaiona tena katika darasa lolote. Barua yake ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu, na kuiandika kulichukua jioni mbili. Alikataa tumshike mkono. Jibu lilipokuja kutoka Uganda alilileta darasani bahasha ikiwa haijafunguliwa, akalifungua mbele yetu, akalisoma mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, akisimama kila penye herufi ngumu. Hakuna aliyemsaidia, maana hakuna aliyethubutu.

Nauliza: siku ile nani alikuwa mwalimu na nani mwanafunzi? Sisi tuliosoma ili tufaulu mtihani wa Baraza la Mitihani tulimwona mtu anayesoma kwa sababu bila kusoma kuna kitu chake kilicho mikononi mwa watu wengine. Mimi nimekwenda JKT, nimefanya kazi, nimefika Chuo Kikuu kwa njia ile ndefu iliyowekwa na Azimio la Musoma la mwaka 1974, lakini maana ya elimu niliipata Pasua.

Wapo kati yetu wanaosema kwamba elimu ya zamani ilikuwa bora na ya leo imeharibika. Ndugu zangu, tuwe waangalifu. Zamani ile tunayoisifu ilikuwa yetu sisi wachache. Mwaka 1977 milango ya shule za msingi ilifunguliwa kwa watoto wote, lakini nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na maelfu waliishia darasa la saba. Ni katika karne hii, hasa tangu mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004, ndipo shule za kata zilipoenea. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ikaondolewa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Mtoto wa mchambua kahawa wa leo anaweza kuingia sekondari karibu na kwao. Hilo ni jambo kubwa, na asiyelitambua hajui tulikotoka.

Lakini kuna kitu sisi tulikuwa nacho ambacho mtoto huyo hana. Tulikuwa na bweni, na katika bweni palikuwa na saa ya kujisomea, meza, taa na kengele. Mtoto wa kutwa hurudi katika chumba cha kupanga ambamo watu watano wanaishi, redio inaimba, mdogo wake analia, na meza ni ile ile ya kulia chakula. Mwalimu wake akimpa kazi ya nyumbani, nyumba yenyewe haina mahali pa kuifanyia. Tumlaumu kwa kushindwa?

Naheshimu sana hoja ya mnara. Wenzetu waliotoa hoja hiyo wanawafikiria marehemu wetu, na mimi pia nawafikiria. Ila jiwe husomwa na anayepita njia ile. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mmoja wetu aandike kurasa chache za anayoyakumbuka, na majina ya darasa zima yachapwe katika kitabu kimoja pamoja na kumbukumbu hizo, kabla hatujapungua zaidi. Pili, fedha tulizochanga zitengeneze chumba cha kusomea Pasua, chenye meza, taa na vitabu vya kiada, na nakala ya kwanza ya kitabu chetu iwekwe humo. Tatu, sisi tunaoishi Moshi tupangiane zamu za jioni, tukae na watoto wale kama tulivyokaa na wazazi na babu zao. Wastaafu tuna muda, na hesabu za kidato cha pili bado hazijatushinda wote.

Pasua ilitupokea tulipokuwa vijana tusiojua lolote la maisha, ikatupa nafasi ya kuwa walimu kabla hatujawa watu. Deni hilo limekaa zaidi ya miaka 40. Naomba mkutano huu ulilipe.