Kompyuta ya Watu Wengi Yahitaji Msingi Uliofungwa



Msimu wa korosho ukianza, karani wa chama cha msingi kule Newala, juu ya uwanda wa Makonde, au Masasi iliyo chini yake, hana kazi ndogo. Jina la mkulima, uzito wa korosho zake, makato na malipo, yote yanaingizwa katika kompyuta. Mara nyingi kompyuta yenyewe ni moja, na mikono inayoigusa ni mingi. Huyu kachomeka fleshi yenye virusi, yule kapakia mchezo, mwingine kafuta faili asilolijua. Asubuhi mashine haiwaki. Anaitwa fundi, anaipiga Windows upya, na orodha ya wakulima, kama haikunakiliwa mahali pengine, imepotea.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku kampuni ya Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo huzikataa kompyuta nyingi za zamani, hata zilizo nzima. Je, tuzitupe? Mimi nasema tusizitupe kabla ya kujaribu njia nyingine.

Njia hiyo ni Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ambao hupatikana bila kununua leseni. Kwetu si jina geni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Leo nazungumzia Linux ya aina ya pekee, ambayo msingi wake umefungwa. Mfano ni Fedora Silverblue, iliyopewa jina hilo mwaka 2018.

Mkulima wa korosho ataielewa upesi. Katika utaratibu wa stakabadhi ghalani, mzigo ukishapokelewa ghala kuu, hachomoi mtu gunia kwa matakwa yake. Hapa ni vivyo hivyo. Sehemu zinazoiendesha kompyuta husomwa tu, haziguswi ovyo. Nyaraka zako hukaa mahali pake, na programu za kazi huwekwa kando na msingi. Marekebisho nayo hayabandikwi kama kiraka juu ya kiraka. Mfumo mpya huandaliwa mzima pembeni, nao huanza kazi kompyuta inapowashwa tena. Umeme ukikatika katikati, mfumo wa zamani upo palepale. Na ule mpya ukileta matata, unachagua wa awali wakati wa kuwasha, kazi inaendelea.

Anayetaka kuanza, kwanza anakili kazi zake zote kwenye diski ya nje, maana diski ya kompyuta itafutwa. Pili, ajaribu mashine kwa Fedora Workstation, ndugu wa Silverblue, inayoweza kuwaka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. Aone kama Wi-Fi inashika na printa inachapa. Yakiwa sawa, apakue Silverblue mahali penye mtandao mzuri. Fleshi moja iliyotayarishwa itahudumia kompyuta nyingi, na bando litatumika mara moja.

Matatizo yapo. Programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows pekee huenda isifanye kazi humo, kwa hiyo chama kiulize kabla ya kubadili mashine zote. Marekebisho yanakula bando. Kompyuta yenye memori ya GB 4 itajikongoja, GB 8 ni afadhali. Kubwa zaidi, msingi uliofungwa haulindi nyaraka zenyewe. Karani akifuta orodha, imefutika. Diski ikifa, imekufa na vyote.

Kwa hiyo ningependa vyama vikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa Masasi na Mtwara, vianze na kompyuta moja ya majaribio kabla ya msimu, siyo katikati ya mnada. Na anayefundishwa awe karani mwenyewe, si fundi peke yake. Afundishwe kurudisha mfumo wa awali, na kunakili orodha kila jioni.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi ni kompyuta, na jasho la mkulima limo ndani yake.