Tuvione Vyuo kwa Macho Kabla ya Kujaza Fomu

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu wa mwaka, Bariadi)



Nimepewa dakika 20 nizungumze juu ya elimu baada ya sekondari. Mada hiyo ni pana kama mbuga ya Serengeti, na mtu akiingia bila njia atapotea. Kwa hiyo nimechagua jambo moja dogo. Nataka kuwaeleza safari ambayo mimi na jamaa yangu tunaipanga kwa likizo ya Juni, ya kuzunguka na watoto wetu kuvitazama vyuo, hasa vile vidogo, kabla hawajajaza fomu ya kuvichagua.

Wapo watakaocheka. Rafiki yangu mmoja ofisini alipata habari hii akaniuliza, “Mzee, unapeleka watoto kutalii vyuoni? Wapeleke Serengeti, getini pale Ndabaka, wakaone simba.” Nikamjibu kwamba simba hatawadai ada.

Ndugu zangu, fikirini mila yetu. Mzee wa Kisukuma haendi mnadani akanunua dume kwa kuambiwa tu kwamba ni zuri. Atalizunguka, atalishika nundu, atalifungua kinywa atazame meno, kisha atauliza limetoka zizi gani. Na hilo ni dume moja. Lakini mzee huyo huyo akivuna pamba, akauza, akapata fedha ya msimu mzima, atamkabidhi kijana wake aipeleke katika chuo ambacho hakuna hata mmoja nyumbani aliyepata kukiona. Amekisikia redioni, au ameonyeshwa picha katika simu ya mtu.

Mtoto wa dada yangu alifanyiwa hivyo. Alimaliza kidato cha nne na ufaulu wa kadiri, akapigiwa simu na mtu aliyejiita wakala wa chuo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja. Shemeji yangu akauza ng'ombe wanne. Kijana alipofika alikuta vyumba viwili vya kupanga juu ya duka, hakuna maabara, wala darubini hata moja. Baada ya miezi saba ikajulikana kwamba kozi ile haikuwa na kibali. Ng'ombe hawakurudi. Kijana alirudi, lakini hakuwa yule tuliyemsindikiza stendi. Mpaka leo ukimtajia shule anainuka na kwenda nje. Kama mtu mzima mmoja angefika pale siku moja tu, akatazama ndani, jambo lile lisingetokea.

Tuliosoma hapa zamani tunajua hali ilivyokuwa. Siku zetu Bariadi ilikuwa wilaya katika Mkoa wa Shinyanga; Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Nilipochaguliwa kwenda chuo kikuu, ardhi yake niliikanyaga kwa mara ya kwanza siku niliyoripoti. Barabara ilikuwa vumbi na nauli ilikuwa ya kuchangishana. Hali hiyo siku hizi imebadilika. Kutoka Lamadi hadi Bariadi ni kilomita zipatazo 72 za lami. Kutoka Bariadi hadi Maswa ni kilomita 50, na kutoka Maswa hadi Mwigumbi, kwenye barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza, ni 50 nyingine, zote lami. Tazameni ramani: hiyo ni duara. Mtu anaweza kutoka hapa kwa upande wa ziwa akarudi kwa upande wa Maswa, na mzunguko wote hauzidi kilomita 600. Ndiyo safari tunayoipanga, ya siku nne.

Siku ya kwanza tutashuka Lamadi, tupite Busega na Magu hadi Mwanza. Watu wakisikia Mwanza huwaza Bugando na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Navyo tutavipitia, kwa kuwa sisemi watoto wasitamani chuo kikuu. Hicho cha Nyegezi chenyewe kilikuwa chuo kidogo cha mafunzo ya jamii tangu mwaka 1960, kikaja kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Lakini siku ya pili tumeiweka kwa ajili ya vile visivyotajwa sana.

Kipo Chuo cha Taaluma za Wanyamapori Pasiansi, kilichoanza mwaka 1966, kinachofundisha askari wa wanyamapori. Sisi tunapakana na Hifadhi ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Kila msimu tembo wanaingia mashambani kwetu. Je, ni haki watoto wetu wawe watu wa kupiga madebe tu, wasiwe miongoni mwa wanaoifahamu kazi ile kwa taaluma? Kipo chuo cha uvuvi Nyegezi, na wenzetu wa Busega wanaishi kwa samaki wa Ghuba ya Speke. Kipo Chuo cha Ualimu Butimba, kinachojulikana kwa masomo ya muziki, sanaa na michezo. Kijana anayeambiwa nyumbani kwamba ngoma ni upuuzi akafike pale aone kwamba ni somo, lina mwalimu na lina mtihani.

Siku ya tatu tutaelekea Misungwi. Ukiriguru nataka watoto wangu wapaone kuliko mahali pengine popote. Kituo cha utafiti cha pale ni cha tangu miaka ya 1930, na ndipo zilipozalishwa aina za pamba zinazoanza na herufi UK, kama UK 91 ambayo wazee wetu wameipanda miaka mingi. UK si Uingereza, ni Ukiriguru! Mkoa wetu ndio unaoongoza kwa pamba nchini, lakini ni wangapi kati yenu vijana mnaojua kwamba pale pale pana chuo cha kilimo? Mbele yake, Mabuki, pana chuo cha mifugo chini ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo. Kisha tutashuka hadi Kolandoto, karibu na Shinyanga, penye hospitali ya zamani ya misheni na chuo cha sayansi za afya ubavuni mwake, mahali ambapo mwanafunzi anatoka darasani anaingia wodini.

Siku ya nne tutarudi kwa Mwigumbi na Maswa. Wilaya ya Maswa ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi pale Malampaka, kituo cha reli. Vyuo vya namna hiyo vilianzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, ili mtu apate ufundi na maarifa bila kuulizwa kwanza cheti kikubwa. Ng'ambo kidogo ya mpaka, Kwimba, pana Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya. Na tukifika nyumbani tusisahau kwamba Chuo cha Usimamizi wa Fedha kina kampasi hapa hapa Simiyu. Mara nyingi cha mlangoni ndicho cha mwisho kuonekana.

Desturi hii haikubuniwa na mimi. Marekani familia nyingi hutumia likizo za kiangazi kupita na gari kutoka chuo hadi chuo. Nao wana vyuo vidogo vinavyoheshimiwa sana, kama Williams cha mwaka 1793 na Amherst cha mwaka 1821, vyote katika jimbo la Massachusetts, na kila kimoja kina wanafunzi wapatao elfu mbili tu. Hakuna anayewadharau kwa uchache wao. Kwetu sisi neno “chuo kidogo” limekuwa kama tusi, kana kwamba aliyekwenda huko ameanguka.

Na hapa niseme wazi kwamba hata nyumbani kwangu hatujakubaliana. Binti yetu yuko kidato cha tatu na anataka udaktari wa mifugo, aanzie stashahada Mabuki. Mama yake anataka aende kidato cha tano kama wenzake. Bibi yake anasema msichana na ng'ombe wapi na wapi. Mimi nimewaambia tusibishane juu ya mahali ambapo hatujapaona. Twende wote, bibi akiwemo, tutazame, kisha turudi tubishane vizuri.

Lakini jambo moja wote tumelielewa: kuanzia chini si kufunga njia. Vyuo vya kati hupanda ngazi ya 4, ya 5 hadi ya 6, ambayo ndiyo stashahada. Mwenye stashahada akiwa na wastani wa alama 3.0 anaweza kuomba digrii katika fani yake. Aidha, Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wa elimu ya juu, ilianza pia kuwakopesha wa stashahada katika fani chache za kipaumbele tangu mwaka wa masomo 2023/2024.

Sasa nije kwenye kupanga kwenyewe, maana safari isiyopangwa ni matembezi.

Kwanza, wakati. Msingoje kidato cha nne. Likizo ya Juni ya kidato cha nne shule nyingi huwaweka watoto kambini kujiandaa na mtihani, na fomu ya machaguo, ile mnayoiita selform, hujazwa kabla ya mtihani. Mwaka unaofaa ni kidato cha tatu, hata cha pili. Kozi nyingi za afya zinataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia; mtoto akilijua hilo mapema hataiacha Fizikia kwa sababu mwalimu ni mkali. Tena Juni ni wakati pamba inauzwa, na fedha ingali mkononi.

Pili, barua. Mwandikieni mkuu wa chuo mwezi mmoja kabla, mkieleza siku na idadi yenu, na mkiuliza kama siku hiyo wanafunzi watakuwepo. Chuo kisicho na wanafunzi ndani ni majengo tu.

Tatu, maswali. Sisi tumeyaandika katika daftari, kila mtoto na lake. Je, chuo kimesajiliwa, na kozi hii hasa ina ithibati? Vyuo vya kati huulizwa NACTVET, vyuo vikuu huulizwa TCU, na jibu lipatikane huko, si kwa wakala. Ada yote ni kiasi gani, pamoja na michango isiyoandikwa katika tangazo? Darubini moja wanafunzi wangapi? Mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi, na nani anagharimia? Maji yanatoka? Msichana analala wapi? Waliomaliza mwaka juzi wako wapi leo? Swali hili la mwisho muwaulize walimu, kisha mkae na wanafunzi kwenye mgahawa, bila mwalimu, muwaulize tena. Majibu yakitofautiana, mmejifunza jambo.

Nne, gharama. Tutalala kwa ndugu penye ndugu, na nyumba ya wageni ya kawaida pasipo na ndugu. Chakula cha mchana tutakula pale pale vyuoni, kama wanafunzi wanavyokula. Huo nao ni uchunguzi.

Ndugu Mwenyekiti, najua kuna mtu hapa anasema moyoni, “Huyu ana gari na mshahara.” Ni kweli. Wengi wa vijana hawa wazazi wao hawana hiki wala kile. Kwa hiyo naleta ombi mbele ya mkutano huu. Chama chetu kila mwaka huchanga fedha kwa sherehe, fulana na nyama. Napendekeza mwaka ujao tupunguze nyama, tukodi basi moja, na Juni tuwapeleke wanafunzi wa kidato cha tatu katika duara hili, pamoja na mwalimu wa ushauri na wazazi wachache wa kuwakilisha wengine. Mimi natoa sehemu yangu leo, na nafasi moja katika gari langu Juni hii iko wazi kwa mwanafunzi ambaye Mwalimu Mkuu atamchagua. Wenzangu mlioko Mwanza na Shinyanga, tupeni sakafu tu ya kutandika mikeka.

Nanyi vijana, hata basi lisipopatikana, msikae. Anayekwenda Mwanza kumsalimia shangazi atenge nusu siku afike Nyegezi. Anayepita Maswa aulize Malampaka. Andikeni mlichokiona, mkirudi muwasomee wenzenu, na nakala ikae maktaba ya shule. Baada ya miaka mitano mtakuwa na kitabu chenu cha vyuo, kilichoandikwa na watoto wa Bariadi kwa ajili ya watoto wa Bariadi, na wakala wa simu atakapopiga atakuta mnajua zaidi yake.