Mikono Iliyotupokea: Maneno ya Kuwakumbuka Wakunga wa Ufipa



Mapadre wetu, Masista, walimu wenzangu, na ninyi nyote ndugu wapenzi,

Katika jubilei hii tumekwisha kusikia habari nyingi za kutufurahisha. Tumesikia ya kuwa Mapadre Weupe walifika Karema mwaka 1885. Tumesikia habari za Adriano Atiman, aliyezaliwa katika nchi iitwayo leo Mali, akakombolewa utumwani, akafundishwa uganga huko Malta, akaja Karema mwaka 1889, akatibu watu hata kufa kwake mwaka 1956. Habari hizo ni njema, tena yafaa tuwasimulie watoto wetu. Walakini Karema iko ufukoni mwa ziwa, na sisi tulizaliwa huku juu, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Basi huku juu, zahanati zilipokuwa haba na magari hayapo, nani aliyetupokea? Walitupokea wakunga. Nami nataka kuwaambieni habari za mmoja wao, bibi yangu mzaa baba.

Bibi hakusoma shule. Kazi yake aliipokea kwa mama yake mdogo, akimfuata miaka mingi usiku na mchana, akichota maji na kukoka moto, kabla ya kuruhusiwa kumgusa mzazi. Ninyi mwaijua nchi yetu: ni nchi ya majani, miti yake ni haba, nayo imeinuka mita 1,800 hivi juu ya bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya usiku huingia mpaka mifupani. Kwa hiyo, mimba ilipotimia miezi saba, neno lake la kwanza hakumwambia mke, alimwambia mume: "Baba, kuni ziko wapi?" Mume asiyekuwa na mzigo wa kuni kavu ndani aliaibika mbele ya wazee wake. Mtoto alipozaliwa Bibi alimfuta, akamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili pamoja. Waganga na wauguzi wa leo wafundisha vivyo hivyo.

Wembe wa kukatia kitovu aliuchemsha, na uzi wa kukifungia aliuchemsha. Jambo hilo alifundishwa na Sista mmoja, mdogo kwake kwa umri, naye hakuona haya kujifunza. Ujira wake ulikuwa kuku, au kikapu cha ulezi, na kwa maskini hakuwa na ujira. Tena aliyoyaona nyumbani mwa watu hakuyatoa nje, hata kwa babu yetu.

Lakini jambo ninalotaka mlishike hasa ni hili. Uchungu ulipokawia, siku ya kwanza ikapita na ya pili ikaanza, watu walianza kunong'ona. Wengine walisema mke ana siri, na aitaje ndipo mtoto atoke. Wengine walisema pana mkono wa mtu. Ndugu zangu, mji wetu waitwa Sumbawanga, na wazee wametufundisha ya kuwa maana yake ni kutupa uchawi. Jina hilo ni zuri, lakini jina la mji peke yake halitupi kitu. Watu ndio wautupao, kila mmoja nyumbani mwake, usiku ule mambo yanapokuwa magumu.

Baba yangu alinisimulia habari za usiku mmoja wa namna hiyo. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, akimshurutisha yule mzazi ataje jina la mwanamume. Bibi akaosha mikono, akatoka nje, akasema: "Mama, nimempapasa. Mtoto amelala mkingamo. Tumboni hamna jina la mtu, mna mtoto. Mikono yangu imefika mwisho wake. Leteni machela." Wanaume wakafunga blanketi katika miti miwili, wakamchukua kabla ya jua kutoka, na Bibi akaenda pamoja nao kwa miguu mpaka hospitali.

Mama yule alipona. Mtoto alizaliwa akiwa dhaifu sana, Bibi akambatiza kwa maji, maana Kanisa lamruhusu mtu yeyote kubatiza penye hatari ya kufa. Naye akafa saa chache baadaye. Hapo maneno yangeweza kurudi: angalikubali kusema, mtoto angalipona. Bibi alikwenda matangani, akaketi karibu na yule mama mkwe siku zote za kilio. Mbele yake hakuna aliyethubutu kuitaja siri. Yule mke akakaa kwa amani nyumbani mwake, na baadaye akazaa watoto wanne.

Fundi kusema "mikono yangu imefika mwisho" ni jambo gumu, maana watu wote wamtazama yeye. Mtu ajivunaye hutafuta wa kulaumiwa, na saa zinapita. Bibi aliokoa maisha ya mama kwa kusema kweli mapema, kisha akaokoa heshima yake kwa kukaa kimya mahali pake.

Msidhani nawaambia turudi kuzalia nyumbani. Bibi mwenyewe asingekubali. Hesabu ya taifa ya miaka 2015 na 2016 ilionyesha ya kuwa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, mama 556 walikufa kwa sababu ya uzazi; ile ya mwaka 2022 ilionyesha mama 104. Na mwaka huo, katika kila uzazi 100, 81 ulikuwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Tumshukuru Mungu, lakini hao 104 ni makaburi. Basi mkiona damu nyingi, au kifafa, au uchungu unaokawia, msimwulize mama ana siri gani. Mchukueni aende.

Tena tazameni kitabu cha Kutoka. Farao aliwaamuru wakunga wawaue watoto wa kiume wa Waebrania, nao wakamcha Mungu wasimtii. Mfalme yule alikuwa na enzi na majeshi, wala kitabu hakikuliandika jina lake. Wakunga wameandikwa: Shifra na Pua. Sisi tumefanya kinyume. Kitabu chetu cha ubatizo kina jina la mtoto, na la baba, na la mama, na la msimamizi, na la padre aliyebatiza. La mkunga halimo.

Kwa hiyo nawaomba ninyi walimu: watumeni watoto kwa wazee, wakaulize, "Nani aliyekupokea ulipozaliwa?" Waandike majina katika daftari, na daftari liletwe kwa Paroko, yasomwe tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu wote. Jina la Bibi sikulitaja leo, nisije nikamtanguliza wangu mbele ya wenu. Nitalileta pamoja na yenu. Fanyeni upesi, kwa kuwa wale wanaoyakumbuka majina hayo ni wazee sana.

Haya ndiyo niliyotaka kusema. Mungu awalipe wakunga wetu.