Darubini ya Kwanza kwa Fedha Kidogo

Boksi dukani linajinadi: inakuza mara 525! Mwenye fedha za kuhesabu asivutwe na ahadi hiyo. Kinachoamua ni kipenyo cha lenzi au kioo kinachopokea mwanga. Lenzi ya milimita 70 ikikuza kupita mara 140 hivi, picha hugeuka ukungu. Galileo, Januari 1610, aliiona miezi minne ya Mshtarii kwa kukuza mara 20 tu.

Adui mwingine ni miguu dhaifu. Upepo ukivuma kidogo, Zohali inatetemeka hadi pete zake zinapotea. Dawa yake ilienezwa na John Dobson wa San Francisco, aliyewahi kuwa mtawa: darubini ya kioo juu ya kiweko kifupi cha plaiwudi, kazi ambayo seremala wa mtaani anaiweza. Fedha iliyookolewa hapo inunue kioo kikubwa zaidi. Kioo cha milimita 150 hukusanya mwanga zaidi ya mara nne ya lenzi ya 70.

Na mfuko ukigoma? Darubini ya macho mawili, yenye alama 10x50, inaonyesha vizuri mashimo ya mwezini na nyota za Kilimia.

Ila isielekezwe kwenye jua kamwe, inapofusha.