Wasifu wa Anayerejea Kazini: Pengo Huelezwa, Halifichwi

(Mada iliyotolewa kwa wananchi wa Manispaa ya Tabora)



Hapa Unyamwezi, kuacha kazi na kuirejea si jambo geni. Katika karne ya 19, wapagazi wengi waliobeba mizigo kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo walikuwa wakulima pia: masika walishika jembe, kiangazi wakarudi njiani. Msimu wa kilimo haukumfutia mpagazi ujuzi wake.

Leo mama aliyelea watoto kwa miaka minne, au kijana aliyerudi Sikonge kumuuguza mzazi, hutafuta kazi akiona haya. Haya hiyo ndiyo mtaji wa walaghai. Wapo wanaouza wasifu uliojazwa waajiri wa kubuni ili kuziba pengo. Wapo wanaodai fedha wakiahidi kulipitisha jina lako. Anayenunua uongo huo ndiye atakayeulizwa mbele ya usaili, wala si aliyemuuzia.

Kwanza, lieleze pengo kwa mstari mmoja wa kweli, kwa mfano: "2020–2024: Malezi ya watoto, Tabora." Habari za ndoa, maradhi au madeni hazina nafasi katika wasifu. Chini ya mstari huo, taja shughuli ulizofanya hata kama hukulipwa mshahara: kutunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, kuuza asali, au kusaidia hesabu za chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Zitaje kwa kipimo. "Nilisaidia kikundi" hakumwelezi mwajiri lolote. "Nilitunza hesabu za wanachama 25 na kuzisoma kila wiki" kunamweleza mengi. Kisha panga ajira zako ukianzia na ya karibuni.

Pili, kusanya vielelezo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kama hukukipata, kiombe kwa barua. Ukinyimwa, mwone Afisa Kazi. Cheti hicho kina nguvu kuliko barua yoyote ya kununua.

Tatu, soma tangazo la kazi hadi mwisho. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida hutaka wasifu wenye anwani inayotumika, namba ya simu ya kuaminika na wadhamini watatu. Aliyekaa nje ya kazi kwa muda mrefu awapigie wadhamini wake kabla ya kuandika majina yao, kwa kuwa huenda wamehama au wamebadilisha namba. Matangazo hayo pia huonya kwamba anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria.

Nne, linda fedha na taarifa zako. Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hakulipiwi. Kumlipa mwenye duka la stesheni kwa kuchapa wasifu ni halali. Patana bei mapema, dai risiti, soma kila neno kabla ya kulipa, na hakikisha faili lako limefutwa katika kompyuta yake. Namba ya kitambulisho cha taifa au ya akaunti ya benki usiiandike katika wasifu unaokabidhiwa kwa watu usiowajua. Akikupigia mtu akidai "ada ya usaili" au "fedha ya fomu", usitume hata shilingi. Ikiwa ametuma ujumbe wa simu, upeleke kwenda namba 15040 ya kuripoti utapeli. Na kama umekwisha kulipa, toa taarifa polisi ukiwa na kumbukumbu za muamala.

Ndugu wananchi, miaka uliyokaa nyumbani ni sehemu ya maisha yako ya kazi. Iandike kwa ufupi na kwa ukweli, nawe utaweza kuisimulia mbele ya mwajiri yeyote bila kubabaika.